Hajarudi, Hakurudi

Mwaka jana nilikata neno moja kwenye daftari la mwanafunzi, nikaandika lingine juu yake kwa biki nyekundu. Herufi mbili tu zilibadilika. Sijamaliza kulifikiria neno hilo, na ndiyo sababu nimeomba kurasa chache kwenye jarida letu. Najua wengi mnaosoma hapa mnasaidia wadogo zenu kazi za shule jioni, ama mnaandikia majirani barua za ofisini. Inawezekana mmefanya kitu kama nilichofanya mimi, na hakuna aliyewaambia.

Nijieleze kidogo kwanza. Mimi sio mwalimu wa shule. Nilifika Kakuma nikiwa na miaka kumi na moja, nikasoma hapa mpaka kidato cha nne, na karo ya kuendelea haikupatikana. Sasa ninafanya kazi na vijana kwenye kituo kimoja cha hapa kambini, kazi ambayo posho yake ukinunua unga na sabuni imeisha. Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi, tunakaa chini ya bati na wanafunzi wa sekondari wanaotaka msaada wa Kiswahili: insha, ngeli, nyakati, kauli za vitenzi. Siku nyingine wanakuja kumi na tano, siku nyingine arobaini. Wengi ni Wakongomani kama mimi. Kuna Warundi, kuna Wasudan Kusini, na kuna Wasomali watatu ambao sarufi yao inatutia aibu sisi wengine wote.

Hilo la aibu nilieleze, maana linahusika. Sisi watu wa Kivu tunafika Kenya tukijua kwamba Kiswahili ni chetu. Kule kwetu ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Tumebembelezwa nacho, tumegombezwa nacho. Kiingereza ndicho tunachokiogopa. Halafu mtihani wa kwanza wa Kiswahili unarudi na alama kumi na mbili kwa mia. Mtoto ameandika "kitabu iko ku meza", ameandika "batoto balienda ku masomo", ameandika "tulikuwaka na ng'ombe", na kila mstari una damu. Pembeni yake msichana wa Kisomali, aliyejifunza Kiswahili darasani tu, ngeli moja baada ya nyingine kama mtu anayejifunza hesabu, amepata sitini na tano. Kijana wetu anarudi nyumbani akiamini kwamba hajui lugha aliyofundishwa na mama yake. Nimeona wengine wanaanza kumsahihisha mama mbele ya wageni. Hiyo inauma zaidi ya alama.

Basi, siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, nikawapa mada ambayo kila mtu aliyesoma Kenya anaijua: Siku Nisiyoweza Kuisahau. Niliichukua bila kufikiria, kwa sababu ndiyo tuliyopewa sisi, na ndiyo inayorudi kwenye mitihani kwa sura mbalimbali mwaka baada ya mwaka. Sikujiuliza mada kama hiyo inamfanyia nini mtoto wa kambini.

Nilibeba madaftari nyumbani, nikasahihisha usiku kwa taa ya sola. Mawili ndiyo ninayoyakumbuka. La kwanza lilikuwa la mvulana, harusi ya shangazi yake Nairobi. Jua lilikuwa limechomoza kwa madaha, ndege walikuwa wakiimba, bi harusi alikuwa mrembo kupita kiasi, vyakula vilikuwa vya kila aina. Nyakati ziko sawa, ngeli ziko sawa, methali mbili zimekaa mahali pake. Nikampa 16 kwa 20.

La pili lilikuwa la msichana wa kidato cha tatu. Amenipa ruhusa nisimulie, jina alisema tuliache. Ukurasa mmoja na nusu, aya hakuna, nukta chache. Katikati palikuwa na maneno haya: "Asubuhi hiyo baba ametoka kutafuta mbuzi yetu, hajarudi. Sisi tunasikia milio, mama anasema tukimbie."

Nilifanya nilivyofundishwa. Simulizi ya jambo lililopita inataka -li-, kisha -ka- kwa matukio yanayofuatana. Mbuzi ni wa A-WA. Nikakata, nikaandika juu, na sentensi ikawa: "Asubuhi hiyo baba alitoka kutafuta mbuzi wetu, hakurudi. Tulisikia milio, mama akasema tukimbie." Nilifurahi hata, niseme ukweli. Ilisomeka vizuri. Nikampa 9 nikaandika chini, "Zingatia nyakati."

Alhamisi nikarudisha madaftari. Alikaa na lake muda mrefu, wengine wakiwa wameshaanza kazi ya siku hiyo. Mwishowe akaja pale nilipo.

"Yaya," akaniambia, "hapa umeandika baba amekufa."

(Kwa wasomaji wa Kenya: kwetu yaya ni dada ama kaka mkubwa. Sio mtu wa kulea watoto, ingawa siku nyingine kazi ni ile ile.)

Nikamwambia sijaandika hivyo, nimeandika hakurudi.

"Ndiyo hivyo. Hakurudi ni mtu mwenye amemaliza. Baba hajarudi."

Hakulia, wala hakuongea kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenye duka kwamba chenji haijatimia. Akachukua daftari akaenda kukaa. Jumamosi hakuja, na Jumanne iliyofuata pia hakuja.

Angalieni alichokiona ambacho mimi nilikiruka. Ile -ja- ni kitu cha ajabu kwenye lugha yetu. Ukisema hakurudi, umefunga hesabu: muda wa kurudi ulikuwepo, ukapita, yeye hakuonekana. Ukisema hajarudi, hesabu iko wazi, anaweza kuingia hapa sasa hivi tukiwa tunaongea. Kifaransa tulichosoma kule kinahitaji maneno ya ziada, pas encore, ili kusema bado. Kiswahili kimeliweka ndani ya kitenzi chenyewe, katika herufi mbili, na mtoto wa miaka minne analijua. Chakula hakijaiva. Mama hajafika. Sasa huyu msichana, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akilishikilia jambo moja tu kuhusu baba yake, yaani kwamba halijaisha, akaliandika kwa njia pekee inayowezekana. Mimi nikalisahihisha.

Swali ninalotaka kuuliza ni hili. Mtu akiandika juu ya maisha yake mwenyewe, na mimi nikashika kalamu kumrekebisha, ninarekebisha nini? Na nani amenipa kalamu hiyo?

Jibu la haraka lililonijia lilikuwa kuiweka kalamu chini. Wiki tatu nzima sikusahihisha kitu. Nilisoma kila daftari mpaka mwisho, nikaandika chini, "Asante kwa kutuambia," ama, "Nimesoma, pole." Nilijiona mtu mwema sana. Wanafunzi pia walifurahi, hakuna asiyefurahi akirudishiwa daftari bila damu. Halafu shule zikafanya mitihani ya mwisho wa muhula. Kijana mmoja wa Burundi, mpole kabisa, akaja na karatasi yake ameikunja ndogo kama barua ya siri. Alama nne kwa ishirini. Makosa yote yaliyozungushiwa duara kwenye ile karatasi yalikuwa kwenye daftari nililomwandikia asante.

"Uliyaona?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemhurumia, na huruma hiyo ilikuwa imemwacha aende peke yake mbele ya mtu asiyemhurumia. Nilijikumbuka mwenyewe kidato cha pili, darasa letu lilikuwa na zaidi ya watu mia moja. Siku moja, kujaribu tu, katikati ya insha niliandika majina ya kaka zangu wote, nikayarudia mara kumi, kisha nikaendelea na habari ya umuhimu wa maji. Daftari lilirudi na tiki na neno "Vizuri". Wenzangu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nilijiona kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Kwa hiyo najua kwamba kusahihishwa ni kusomwa. Anayekukatia neno amefika kwenye neno hilo. Kumwacha mtoto na makosa yake kwa sababu eti ni mkimbizi, ameteseka, tusimwongezee, ni kumwambia kwamba hatutegemei afike popote.

Kuna mwalimu mmoja wa sekondari, Mkenya, anakuja siku nyingine za Jumamosi kutusaidia bila malipo. Nilimweleza habari hii. Hakuwa na subira nayo. Aliniambia karatasi ya insha ni saa moja na dakika arobaini na tano, insha mbili, kila moja alama 20, na mtahini ana rundo mezani na hamjui baba wa mtu yeyote. "Dada, wewe wafundishe nyakati," akasema. "Machozi watayapangusa wakishapata cheti." Nilikasirika, lakini nikitafuta uongo kwenye maneno yake siupati. Cheti ndicho kinachofungua kazi, hata hii yangu ya posho. Mtoto wa kambini hana mjomba wa kumpigia simu mkurugenzi, ana karatasi tu.

Nilikaa na hao wawili kichwani, yule kijana wa Burundi na yule msichana, na kila mmoja alikuwa na haki. Mmoja alinishtaki kwa kunyamaza, mwingine kwa kusema. Iliyonitoa hapo ilikuwa barua, wala haikuwa ya mwanafunzi.

Mama mmoja wa bloku yetu aliniomba nimwandikie maelezo ya kupeleka ofisini, kuhusu mtoto wake wa kiume ambaye hawajaonana tangu walipokimbia. Aliongea, nikaandika, kisha nikamsomea. Nilipofika kwenye "Nilimpoteza mwanangu njiani", akainua mkono.

"Hapana, mwanangu. Sikumupoteza. Tulipotezana."

Nilitaka kumwambia ni kitu kimoja. Nikakumbuka baba hajarudi, nikafunga mdomo. Tukakaa na hilo neno kidogo. Nilimpoteza: mimi ndiye mtenda, yeye ni kama mzigo ulioanguka kichwani kwangu, na anayesoma anaweza kuuliza ulikuwa unaangalia wapi, ama anaweza kuelewa kwamba mtoto alikufa, kwa sababu tunasema pia hivyo kwa msiba. Alipotea: kosa ni la mtoto. Tulipotezana: watu wawili, kila mmoja anamtafuta mwingine, na hakuna mwenye lawama. Ile -ana ya mwisho ndiyo tunayoita darasani kauli ya kutendana. Nimeifundisha mara nyingi kwa mifano ya pigana, pendana, salimiana, na watoto wanasinzia. Ofisi ilitaka pia maelezo kwa Kiingereza, na hapo kitenzi kimoja hakikutosha, nikaandika sentensi nzima kueleza alichosema yule mama kwa neno moja.

Mama huyu hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Lakini sarufi anaijua. Alijua kauli gani inasema ukweli wake na kauli gani inamsingizia. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza kabla ya kuandika.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nimefikiri kosa langu kwa yule msichana ni kwamba nilileta sarufi nyingi mno mahali pa huzuni. Sasa naona nilileta kidogo mno. Nilikuwa na kanuni moja, simulizi ni -li- na -ka-, nikaifuata kama mtu anayejua njia moja tu ya kwenda mtoni. Kama ningeijua sarufi vizuri ningeona kwamba pale pana kitu kinachotaka kusemwa, na kwamba Kiswahili sanifu kinacho kifaa cha kukisema bila kosa. Kilikuwepo siku zote, kwenye kitabu cha kidato cha pili, kwenye mazoezi ya nyakati ambatani tunayoyapitia mbiombio.

Msichana aliporudi nilimwomba msamaha kwanza. Sio kwa kumsahihisha, nilimwambia hivyo wazi, ila kwa kutomuuliza. Kisha tukafungua ukurasa ule ule. Nikamwandikia: "Tulipoondoka, baba alikuwa hajarudi." Nikamweleza: kuna -li- ya siku ile, kwa hiyo simulizi inabaki kwenye wakati uliopita na mtahini hana neno, na -ja- bado imo ndani. Alisoma mara mbili akitikisa kichwa taratibu.

"Hiyo ni ya siku ile," akasema. "Na leo?"

Alikuwa sahihi tena. Alikuwa hajarudi inasimama pale tulipoondoka, haisemi lolote kuhusu baadaye, anaweza kuwa alirudi kesho yake. Tukaendelea. Alijaribu mwenyewe mara nne tano, akafuta, akaandika tena, mpaka ikawa: "Tulipoondoka baba alikuwa hajarudi, na mpaka leo ninapoandika haya, hajarudi." Nyakati mbili katika sentensi moja, na kila moja ina sababu ya kuwepo. Yule mwalimu wa Jumamosi aliisoma, akatafuta pa kuweka kalamu, hakupata.

Najua kuna mtu atasema: Yaya, hiyo ni sentensi moja, na una wanafunzi arobaini. Ni kweli. Siwezi kukaa nusu saa na kila kitenzi. "Kitabu iko" naibadilisha kuwa "kitabu kiko" bila kumuuliza mtu, hakuna baba wa mtu ndani yake. Nukta naziweka, herufi kubwa naziweka. Lakini kwenye nyakati na kwenye kauli, hasa mtoto anaposimulia yaliyompata, nimeacha kukata. Nachora mstari chini kwa penseli, na pembeni naandika swali. Hapa ulitaka kusema imeisha ama bado? Hapa nani alifanya? Mwingine ameandika "nyumba ilichomwa", na kanuni nzuri ya uandishi inasema mtaje mtenda, andika "walituchomea nyumba". Kumbe mtoto anajua kabisa ni akina nani, na anajua pia kwamba watu wa upande ule wanachota maji kwenye bomba moja na mama yake. Kauli ya kutendwa pale ni busara, na mimi sina haki ya kuiondoa. Asipojua tofauti, namfundisha tofauti. Akijua, namwachia achague.

Na "tulikuwaka na ng'ombe"? Hii inanipa shida zaidi kuliko zote. Kwenye mtihani ni kosa, namwambia hivyo, aandike "tulikuwa na". Ila ile -ka ya mwisho inasema kitu, inasema zamani, siku zote, ndivyo tulivyoishi. Sanifu inalisema kwa njia nyingine, kwa "tulikuwa tukifuga" na kadhalika. Nisipomwonyesha hiyo njia nyingine nimemnyang'anya kitu nisimpe cha badala. Kwa hiyo tunaandika zote mbili ubaoni, ya nyumbani kushoto na ya mtihani kulia, na hatuiiti ya kushoto makosa.

Watoto wanaponiuliza nani aliamua kwamba ya kulia ndiyo sahihi, nawaambia ukweli: watu waliamua, kwenye mkutano. Mwaka 1928, Mombasa, wakati wa Waingereza, ilikubaliwa kwamba Kiunguja cha mjini Zanzibar kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwemo, sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji. Na hata Wamombasa wenyewe, ambao Kimvita chao kilikuwa kimeshatoa washairi kama Muyaka bin Haji karne moja kabla, mkutano ulifanyika kwao na lahaja yao ikaachwa. Mtoto wa Mombasa anayesema ndia nyumbani anaandika njia shuleni, sawa na sisi. Watoto wanapenda sana kusikia hivyo. Wanacheka, mabega yanashuka.

Lakini sitaki waondoke na hilo peke yake. Nawauliza Kongo magari yanapita upande gani. Kulia. Na Kenya? Kushoto. Nani alikosea? Hakuna. Sasa chukua gari la Uvira ulilete hapa Lodwar, ukaendeshe kulia kwa sababu ndivyo baba alivyoendesha. Wanaelewa mara moja. Baba alijua kuendesha, na hapa utagongwa.

Nirudi kwa yule mvulana wa harusi, niliyempa 16. Baadaye nilikuja kusoma harusi hiyo hiyo kwenye madaftari mengine matatu, jua lile lile, ndege wale wale. Walikuwa wameikariri kutoka kwa binamu yake aliyemaliza shule. Hajawahi kupita Lodwar, sembuse Nairobi, na shangazi mwenyewe hayupo. Nilimwita pembeni nikiwa tayari kumgombeza juu ya uongo na uvivu. Akaniambia, "Yaya, siku yangu siwezi kuiandika. Kwa hiyo nikaenda harusini."

Nilimwacha aende. Walimu wengi wanalalamika juu ya insha za kukariri, nami nilikuwa mmoja wao, na bado naona zinawafanya wavivu wa kufikiri. Ila sikuwahi kufikiria kwamba mtoto anaweza kujificha ndani ya insha ya kukariri kama vile unavyojificha chini ya mti wa jirani mvua ikikukuta. Nilikuwa nimemdai ukweli wake kwa ajili ya zoezi la vitenzi. Tangu hapo ninatoa mada mbili kila mara, na moja haina mlango wa kurudi nyumbani: mechi ya mpira, bei ya tomato, faida na hasara za simu. Anayetaka kusimulia asimulie. Asiyetaka, nyakati na ngeli zipo hata kwenye tomato.

Muhula huu shule ya yule msichana imefanya mtihani mwingine, na swali la insha lilikuwa karibu sana na lile nililowapa. Nilidhani ataandika kuhusu baba. Tulikuwa tumeifanyia kazi sentensi ile, ilikuwa tayari, ilikuwa nzuri. Nilimuuliza. Akasema aliandika harusi ya Nairobi.

"Ile ya baba iko kwa daftari langu," akasema. "Mtahini simujui."

Alipata 13 kwa 20. Nimepitia karatasi yake: bi harusi na gari lake wamegombana kwenye ngeli mara tano, na kuna sehemu ya chakula ambayo ngoma inapigwa, inapigwa, halafu ghafla imepigwa. Tutaiangalia Jumamosi.